Friji Lenye Mnyororo

Jina lake silijui. Kila ninapofika dukani kwake namwita Phi, kama wateja wake wote wanavyomwita. Ni neno la Kithai la kumwita mtu aliyekuzidi umri kidogo, awe dada au kaka. Duka lake lina mlango mmoja tu, lipo katika kichochoro kinachochepuka kutoka Barabara ya Silom mjini Bangkok, mtaa ambao wauza vito kutoka Afrika wanaujua kama wanavyoujua mtaa wa kwao. Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi ya mawe nilifundishwa na mjomba, ambaye alianzia Bonde la Umba akiwa kijana, na siku hizi tunahangaika na vito vya spineli kutoka Mahenge na chochote kingine tutakachojaliwa. Ukiwa na jiwe zuri, mara nyingi safari yake huishia Thailand: ama hapo Silom, ama Chanthaburi, mwendo wa saa nne kwa basi kuelekea mashariki, ambako kila mwisho wa wiki mtaa mzima hugeuka soko la vito.

Tarehe 1 Agosti 2023, siku ya Jumanne, nilitoka nyumba ya wageni nikaenda kwa Phi kununua maji na vocha. Mtaa ulikuwa umepoa. Ofisi za wanunuzi zimefungwa, benki nazo zimefungwa. Dukani, friji la soda lilikuwa wazi kama siku zote, lakini lile la bia, refu, la mlango wa kioo, lilikuwa limezungushiwa mnyororo na kutiwa kufuli, na kioo chake kimebandikwa magazeti. Mbele yake alisimama mzungu mmoja wa makamo, shati limemganda mgongoni kwa jasho, anautazama ule mnyororo kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

Akaniuliza kuna nini. Sikujua. Phi akatuonyesha karatasi ya Kithai iliyobandikwa ukutani, akaona hatusomi. Akachukua simu, akatafuta picha, akatugeuzia: Buddha amekaa, mbele yake wanaume watano wamepiga magoti. Kwa Kiingereza chake cha dukani, na kwa vidole, akatueleza. Leo ni Asarnha Bucha, siku Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza kule Sarnath, India, akiwahubiria wale watano waliokuwa wenzake katika kujinyima. Kesho ni Khao Phansa, watawa wanaanza kutulia mahekaluni kwa miezi mitatu ya mvua. Siku mbili hizi pombe haiuzwi. Keshokutwa, akasema, akiunyooshea kidole ule mnyororo, keshokutwa njoo.

Mzungu akanunua soda mbili, akaondoka bila kusema neno. Mimi nilibaki naulizauliza, na Phi alipoona nimependa akaniambia kwa nini watawa hutulia. Zamani za Buddha wakulima walilalamika kwamba watawa wanaozungukazunguka wakati wa mvua wanakanyaga miche ya mpunga. Ikawekwa kanuni kwamba msimu wa mvua kila mtawa akae mahali pamoja. Nimetoka kwa watu wanaolima mpunga, na sikutarajia kwamba amri ya dini kubwa namna ile inaweza kuwa imeanzia kwenye jaruba la mtu.

Jioni nilifuata watu hadi hekaluni. Kila mmoja ameshika ua la yungiyungi, mshumaa mmoja na vijiti vitatu vya ubani, wanalizunguka jengo kuu mara tatu, mkono wa kulia ukiwa upande wa jengo, polepole, bila kelele. Kwenye kundi lile nilimwona yule mzungu wa friji. Ameshika ua lake, amevua viatu, anatembea nyuma ya bibi mmoja mfupi na kumfuatisha kila anachofanya.

Nimeanza na habari ya mtu huyo kwa sababu mjadala wote wa pombe na sikukuu za Thailand huwa unaendeshwa kwa lugha ya hasara. Tunaambiwa watalii wanakasirika, baa zinapoteza mauzo, nchi inajipiga mguuni. Nilichokiona dukani kwa Phi hakimo katika hesabu hiyo. Mtu yule alinyimwa bia, akauliza kwa nini, na jibu likampeleka mahali ambapo asingefika.

Sasa sheria yenyewe. Thailand ilitunga Sheria ya Kudhibiti Vileo mwaka 2008, na chini yake serikali ikapewa uwezo wa kutaja siku ambazo pombe haiuzwi. Zikatajwa sikukuu kuu za Kibudha: Makha Bucha, Visakha Bucha, Asarnha Bucha na Khao Phansa. Mwaka 2015 ikaongezwa Ok Phansa, siku watawa wanapomaliza mafungo yao ya mvua, mwezi Oktoba. Jumla siku tano kwa mwaka, kila moja saa 24, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane. Kwa sheria hiyo ya 2008, muuzaji aliyekiuka angeweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini isiyozidi baht 10,000, au vyote viwili. Kwa duka la mlango mmoja hiyo haikuwa faini ya kuchezea: mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara Bangkok kilikuwa baht 353 kwa siku.

Watu huchanganya makatazo haya na yale ya afya, na ni rahisi kuona kwa nini si kitu kimoja. Wakati Wathai wanapokufa zaidi barabarani ni Mwaka Mpya na Songkran, sikukuu ya kumwagiana maji ya mwezi Aprili. Vyombo vya habari vyao huziita siku saba za hatari, na ulevi hutajwa kila mwaka miongoni mwa sababu kubwa. Siku hizo pombe inauzwa. Zinazofungiwa ni siku za mbalamwezi, maana zile Bucha tatu zote huangukia usiku wa mwezi mpevu. Visakha ni kuzaliwa, kuangaziwa na kufa kwa Buddha, yote matatu kwa pamoja. Makha ni kumbukumbu ya watawa 1,250 waliokusanyika mbele yake bila kuitwa.

Katika amri tano za Mbudha wa kawaida, ya tano ni kujizuia na vileo vinavyomfanya mtu aghafilike. Neno lake katika Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, ni pamada, na tafsiri yake nzuri kuliko zote tunayo sisi: kughafilika. Nimelelewa katika nyumba ambayo neno hilo lilisemwa kila siku, na mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akituonya juu yake kuliko alivyotuonya juu ya moto. Inasimuliwa kwamba hata maneno ya mwisho ya Buddha yalikuwa ya kuwahimiza wanafunzi wake wasighafilike. Nilipoelewa hivyo, mnyororo wa Phi ukaacha kuwa kitu kigeni kwangu.

Nirudi kwenye utalii, maana huko ndiko kwenye kelele. Mwaka 2009, sikukuu zilipoanza kufungiwa, Thailand ilipokea wageni milioni 14 na ushee. Mwaka 2019 ilipokea karibu milioni 40. Kati ya miaka hiyo miwili katazo lilikuwepo, likaongezwa siku moja, na wageni wakawa karibu mara tatu. Sidai kwamba katazo ndilo lililowaleta. Nasema tu kwamba mtu akija na hoja kuwa siku tano kavu zinaua utalii, ana kazi ya kueleza miaka hiyo kumi. Kilichokuja kuuangusha ni korona. Na mwaka 2025, ambao ndio mwaka masharti yalipolegezwa, wageni walipungua hadi takriban milioni 33 kutoka milioni 35 na nusu za mwaka uliotangulia, kwa sababu ambazo hazihusiani na bia hata kidogo. Wachina, kwa mfano, waliingiwa na hofu ya usalama wao.

Ukiwauliza watalii wenyewe kinachowaudhi, wengi hawatataja sikukuu. Watataja mchana. Tangu mwaka 1972, enzi za utawala wa kijeshi wa Thanom Kittikachorn, Thailand ilikuwa ikikataza kuuza pombe kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Inasemwa nia ilikuwa kuwazuia watumishi wa serikali wasilewe saa za kazi. Nimeona foleni ya watu supamaketi, vikapu vimejaa, keshia anapitisha chupa na mashine inakataa kwa kuwa saa imegota nane na dakika mbili. Hilo mtu hawezi kulielezea kwa mwezi mpevu wala kwa mahubiri. Ni kanuni iliyosahaulika chanzo chake, na ninafurahi kwamba Desemba 2025 serikali ilianza kuiondoa kwa majaribio ya siku 180. Kama tunataka kumrahisishia mgeni maisha, pa kuanzia palikuwa hapo.

Upande wa pili una haki yake, na sitaki kuupita haraka. Mwaka uleule wa 2023 nilizungumza na kijana mmoja mhudumu wa baa, mzaliwa wa Isan, kaskazini-mashariki, kule kunakotoka wafanyakazi wengi wa Bangkok. Aliniambia Khao Phansa anaipenda kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo mama yake hana haja ya kumwomba aje nyumbani. Baa imefungwa, anapanda basi. Kisha akaongeza kwamba siku hizo mbili halipwi, na bahashishi hakuna, na nauli ya basi ni ileile. Anayefikiri jambo hili ni la watalii na watawa peke yao hajamsikiliza kijana huyo. Sheria inayomtaka mtu aiheshimu dini ya nchi ingeweza pia kumtaka mwajiri amlipe mfanyakazi wake siku hiyo, kwa kuwa nne kati ya sikukuu hizo zimo katika sikukuu za taifa. Na vibarua wa kulipwa kwa siku, wapiga gitaa, madereva wa tuk-tuk wanaosubiri walevi usiku, nao wana watoto.

Kuna pia unafiki uliomea pembeni. Kwenye miji ya pwani nimeona bia ikimiminwa katika vikombe vya kahawa na kuletwa mezani kwa birika la chai. Mwenye baa anamkonyeza mgeni, mgeni anacheka, na siku tukufu inageuka mchezo wa kujificha. Hapo sheria inamfundisha mgeni jambo baya zaidi kuliko kama isingekuwepo.

Hata hivyo Thailand si nchi ya kwanza kujaribu. Sri Lanka huenda mbali zaidi. Kule kila mwezi mpevu ni Poya, sikukuu ya taifa, mara 12 kwa mwaka na miaka mingine 13. Maduka ya pombe hufungwa, maduka ya nyama hufungwa. Na katika Vesak, ambayo ndiyo Visakha ya Wathai, watu hujenga vibanda barabarani vinavyoitwa dansala, humo wakagawa chakula na vinywaji bure kwa kila apitaye, Mbudha au si Mbudha, mwenyeji au mgeni. Taa za karatasi huning'inizwa kila nyumba. Mwaka 2018 Sri Lanka ilipokea wageni milioni 2.3, na ilikuwa rekodi. Kilichoiangusha baadaye ni mabomu ya Pasaka ya 2019, kisha korona, kisha mafuta na fedha za kigeni kuisha mwaka 2022. Poya haimo katika orodha hiyo. Mgeni aliyepewa sahani ya wali na mtu asiyemjua, usiku, chini ya taa za Vesak, simwoni akirudi kwao kulalamika kwamba alikosa bia.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayajua haya kwa sura nyingine. Kabla ya kuingia kwenye mawe nilifanya kazi misimu mitatu katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja. Mwezi wa Ramadhani baa za mitaani zinafungwa, hoteli za watalii zinaendelea. Tulitundika mapazia upande wa barabara ili wapita njia wasione wageni wakila. Sisi wahudumu, wengi tumefunga, tulibeba trei za bia saa kumi jioni, jua kali, midomo imekauka, na tulitakiwa tutabasamu. Sikuona vibaya, ilikuwa kazi, na mgeni hakuwa amekosa. Lakini siku moja mgeni mmoja, Mtaliano, mpole sana, siku yake ya sita pale, aliniuliza kwa nini wafanyakazi wote hukimbilia jikoni magharibi inapoingia. Siku sita. Hakuwa ameambiwa kwamba upo mwezi unaoitwa Ramadhani. Adhana alikuwa anaisikia, akidhani ni ya kila siku tu. Tulikuwa tumemwekea pazia ili asionekane, na pazia lilelile likamzuia asituone.

Nikamweleza. Kesho yake hakunywa mchana, akaomba afuturu nasi. Tukamkaribisha jikoni, tukala tende, uji wa pilipili manga na kaimati, na meneja akatukemea kwa kumkalisha mgeni kwenye vigoda. Yule Mtaliano alikuwa anacheka kwa furaha. Nadhani ndiyo siku aliyofika Zanzibar.

Ndiyo maana habari za Mei 2025 hazikunifurahisha kama zilivyowafurahisha wengine. Chini ya serikali ya Paetongtarn Shinawatra, waziri mkuu wa wakati huo, ilitoka amri mpya ikitaja mahali ambapo pombe inaruhusiwa hata siku zile tano: viwanja vya ndege vya kimataifa, hoteli, kumbi za starehe zenye leseni, maeneo ya kitalii yanayohudumu kama hayo, na mahali penye matukio makubwa ya kitaifa na kimataifa. Sababu iliyotolewa ilikuwa utalii na uchumi. Maduka ya kawaida na supamaketi hayakutajwa. Yaani mnyororo ulibaki, ila ukabaki kwa wenye friji dogo.

Walioitetea wana neno zito: kwamba nchi isiyo na dini moja tu haiwezi kumfunga kila mtu kwa sikukuu ya wengine. Thailand ina Waislamu kusini, ina Wakristo, ina wasioamini. Hoja hiyo naiheshimu, na kama wangefungua kwa wote kwa msingi huo ningenyamaza. Lakini amri haikusema hivyo. Ilisema, kwa vitendo, kwamba utukufu wa siku unamhusu Mthai wa kichochoroni anayenunua bia ya baht 60, na haumhusu anayelipa mara tano yake ghorofa ya juu. Ukiniuliza mimi, ambaye sinywi na najua kwamba kwa asiyekunywa ni rahisi kusema, ningefunga kote kwa siku hizo tano na kumlipa mfanyakazi, au ningefungua kote. Kugawa siku tukufu kwa bei ya glasi ndiko kunakoniuma.

Ilitokea kwamba nilikuwa Bangkok wiki ile. Visakha Bucha iliangukia Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, siku ya kwanza chini ya amri mpya. Nilikwenda kwa Phi alasiri. Friji limefungwa mnyororo uleule, magazeti mapya. Akaniuliza habari za mawe, nikamwambia mawe yapo, wanunuzi wana maneno mengi. Akacheka. Kisha akaniashiria ng'ambo ya kichochoro, kwenye hoteli iliyojengwa wakati wa korona, yenye baa juu ya paa. Taa zimewaka mapema.

“Pale wanaweza,” akasema. “Mimi siwezi.”

Hakusema kwa hasira. Aliongeza kwamba zamani siku kama hii wageni wa hoteli ile wangeingia dukani kwake, wakauliza kuna nini, na yeye angetafuta ile picha kwenye simu. Leo hajaulizwa na mtu. Alisema hivyo huku anapanga pakiti za tambi, kisha akaangalia saa, akasema anafunga, anakwenda hekaluni, kama nataka nije.

Shata lake hukwama upande mmoja, nikamsaidia kulivuta. Alikuwa ameweka mayungiyungi matatu ndani ya ndoo ya maji, akanipa moja. Tulipopita mbele ya hoteli wageni wawili vijana walikuwa wanatoka kwenye teksi. Wakatazama maua yetu, wakatazama watu wengine waliokuwa wanashuka mtaani wameshika maua kama hayo, na mmoja akamuuliza mlinzi ni nini. Mlinzi akasema ni sikukuu, akawafungulia mlango.

Hekaluni palikuwa pamejaa kuliko mwaka ule wa kwanza. Tulizunguka mara ya kwanza, nta ikanidondokea mkononi. Mara ya pili bibi mmoja mbele yetu alisimama kuwasha tena mshumaa wake, na watu wote nyuma wakasimama kumsubiri. Mzunguko wa tatu, tulipokata kona ya upande wa barabara, ngoma za baa ya juu ya paa zilianza kusikika. Phi hakuinua macho. Alikinga mshumaa kwa kiganja, akaendelea kutembea.